Waya Mfupi wa Kalemie

Kama uliishi kati ya Kigwa na Usinge miaka ile simu zimeshaingia na umeme haujaingia, basi simu yako huenda imepita mikononi mwangu. Sijisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na mtu asipoyasema mambo yake mwenyewe, wengine watayasema vibaya. Darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa, na Kiingereza changu kinaishia kwenye maandishi ya maboksi ya betri. Lakini nina duka la sola Tabora mjini, nina lori, na wenye digrii zao wanasimama mbele ya kaunta yangu kuniuliza betri ipi itabeba friji na ipi itakufa kabla ya Krismasi. Nawajibu. Tena nawajibu nikiwa nimekaa.

Ila siku hizi nikikaa, kunyanyuka ni kazi. Kuna uchovu niliorudi nao kutoka safari ya Kongo ambao haujanitoka mpaka leo, na nimeona bora niuandike ulivyonipata, maana watoto wangu wananicheka kila wakiniona natembea na chaja mfukoni hata nikienda msibani kwa jirani kumpa mkono wa pole. Wacha wacheke.

Nilianzia Goweko. Msimu wa tumbaku wakulima wamelipwa, kila mtu kanunua simu, na hakuna hata mmoja mwenye pa kuichaji. Mimi nikapata betri ya gari iliyotupwa na fundi mmoja, nikaihangaikia mpaka ikafufuka. Nikatafuta na kobe. Kobe ni kile kidude cha plastiki cha kubana betri ya simu kikiwa na vimiguu viwili vya shaba. Tuliokianzia kazi tunakijua. Nikaweka meza nje ya nyumba ya mama yangu, na hapo ndipo utajiri wangu ulipotokea.

Mlinzi wa zile simu alikuwa mama. Mimi nilikuwa nazunguka na baiskeli kutafuta maji ya betri, au nimelala, maana kazi ile inachosha. Mama alizipanga simu kwenye ungo, akakaa nao mlangoni. Hasomi. Ile plasta niliyoandika majina juu ya kila simu kwake ilikuwa uchafu tu. Yeye alikuwa na njia yake. Mtu akija kuchukua simu, mama anamsalimia. Siyo shikamoo marahaba halafu basi. Anamsalimia kinyumbani: umeamkaje, mkeo ameamkaje, yule mtoto aliyekuwa na kikohozi, ng'ombe, mvua imefika shamba gani, mama mkwe amesharudi? Mwenye simu yake anajibu yote, taratibu, hata akiwa na haraka. Aliyekuja kuiba hawezi. Anajibu mawili, macho yako kwenye ungo, anasema "bibi nipe nawahi." Hapo mama anafunika ungo kwa kanga na kumwambia, "Kama unawahi, wahi. Simu itakungoja."

Miaka yote ile haikupotea simu hata moja. Mji mzima uliniita mwaminifu, na mimi nikaipokea sifa.

Nilipohamia mjini na kujenga, nilimnunulia mama kitochi, simu ndogo ya kubonyeza yenye kurunzi. Kipindi hicho matapeli wa simu walikuwa wamechachamaa, ile hela tuma kwenye namba hii, mwanao amepata ajali tuma haraka. Mimi na akili yangu nikamwekea mlio wa pekee kwa namba yangu: jogoo anawika. Nikamwambia, "Mayu," maana ndivyo tunavyoita mama kwa Kinyamwezi, "jogoo akiwika ni mimi. Ikilia kitu kingine, usipokee. Akikupigia mtu na kusema ni mimi, na jogoo hajawika, huyo ni mwizi."

"Na akiwika jogoo halafu anayeongea ni mwizi?"

"Atatoka wapi mwizi na simu yangu?"

"Mimi nimekaa na simu za watu, mwanangu. Najua zinavyotembea."

Nilicheka. Nikamwambia simu yangu mimi haizimiki wala haiibwi. Ndivyo nilivyokuwa nikisema kwa kila mtu: mimi huyu, simu yangu haijawahi kuzima tangu nilipoinunua.

Sasa safari yenyewe. Nilipata mteja Kalemie, ng'ambo ya ziwa, anataka paneli za sola na betri zake. Nikapakia mzigo kwenye behewa Tabora, nami nikapanda treni hiyohiyo kwenda Kigoma. Ile njia wazee wetu waliipita kwa miguu, pembe za ndovu begani, wakienda Ujiji na kurudi, na sisi Wanyamwezi hupenda kulisema hilo kwa kifua mbele. Mimi nilijiambia, wao walibeba pembe, mimi nabeba jua. Nililirudia kwa abiria wenzangu mpaka wakachoka kulisikia. Lakini treni ilisimama Usinge muda ambao mtu angeoa na kuacha. Joto, vumbi, mgongo. Kufika Kigoma nikakuta boti ya mizigo bado inangoja mafuta. Tukalala juu ya magunia. Tulipoondoka nilikuwa tayari mtu wa kubebwa.

Nilikuwa nimejipanga, bwana, usinione hivi. Laini yangu nilihakikisha Kigoma kwamba imefunguliwa kutumika nje ya nchi, na vocha ya kutosha nimeweka. Nilikuwa na pawabenki kubwa kama tofali. Kwenye boti simu za watu zikaanza kufa moja moja, na mimi nikaliona tofali langu, nikashindwa kujizuia. "Leteni hapa," nikawaambia. "Mko na mwenye umeme wake." Walikuja wote, mpaka baharia. Nyaya zimenizunguka kama mizizi. Nikawasimulia Goweko, nikawasimulia kobe, nikawasimulia lori. Walinisikiliza vizuri sana, maana simu zao zilikuwa kwangu. Tulipoiona Kalemie, simu zao zote zilikuwa zimejaa na tofali langu likawa tofali kweli.

Nilipokanyaga nchi kavu ilikuwa Jumapili alasiri. Mtandao wa pale uliponinasa, ujumbe ukamiminika. Wote ulitoka kwa mdogo wangu wa kike, anayekaa na mama. Nikapiga papo hapo.

"Kaka, ulikuwa wapi? Tangu jana nakutafuta!"

"Ziwani. Kuna nini?"

"Mama ameanguka. Mfupa wa nyonga umevunjika. Tuko hospitali hapa Tabora."

Nikakaa juu ya begi langu. Akanieleza. Madaktari bingwa walikuwa wamekuja mkoani kwa muda mfupi, na aliyebaki wa mifupa alikuwa anaondoka kesho yake, Jumatatu. Alikuwa tayari kumfanyia mama upasuaji asubuhi, saa tano, kabla hajaondoka. Akipita yeye, kusubiri mwingine ni kusubiri, na mama atakuwa amelala kitandani hivyo hivyo, pengine asisimame tena.

"Basi wamfanyie!"

"Hataki, kaka. Amekataa kutia kidole kwenye karatasi. Anasema mara ya mwisho alitia kidole peke yake, na baba hakutoka."

Ni kweli. Baba alipoingizwa chumba cha upasuaji, mama ndiye alikuwepo, mimi nilikuwa Goweko na kobe yangu. Nikauliza, "Anataka nini?"

"Anakutaka wewe. Anasema mkubwa wa nyumba aseme mwenyewe, asikie. Mimi muda wa kuona wagonjwa umeisha, wamenitoa. Mpigie kwenye kitochi chake, anacho chini ya mto."

Nikakata. Nikampigia mama. Nikasikia inaita upande wa pili, nikajua jogoo anawika wodini, wagonjwa wanageuka. Ikaita mara ya kwanza. Nikatoa simu sikioni kuangalia kiasi cha chaji, na kioo kikawa cheusi mbele ya macho yangu.

Nilibaki nimeishika. Mimi huyu.

Mzigo wangu ulikuwa palepale bandarini. Paneli, betri, waya, kila kitu cha kuwasha mtaa mzima, ndani ya ghala la forodha lenye kufuli. Nikamwendea mlinzi. Akanitazama kwa huruma.

"Papa, leo ni siku ya yenga," akasema, yaani Jumapili yao. "Mukubwa atakuya kesho."

"Nitoe paneli moja tu. Ni zangu!"

"Ni zako, ndiyo. Lakini funguo si yangu."

Nikachukua chumba kwenye nyumba ya wageni. Ukutani kulikuwa na tundu la umeme. Nikalitazama, likanitazama. Kwetu tundu lina matundu matatu ya bapa, na chaja ya miguu miwili ukiileta unachomeka kalamu kwenye tundu la juu, unalifungua, inaingia. Hiyo kila mtoto wa Tabora anaijua. Pale matundu yalikuwa mawili ya duara, na katikati kijiti cha chuma kimetoka nje kukusubiri. Chaja yangu ya miguu mitatu bapa haikuwa na pa kuanzia. Nikajaribu kalamu. Nikajaribu kijiko. Mwenye nyumba akasimama mlangoni akiniangalia nimepiga goti mbele ya ukuta wake.

"Papa, unafanya nini?"

"Natafuta umeme."

"Kuran haiko," akasema. Kuran ndiyo umeme wao. "Iko wiki haiko."

Simu ya kuazima isingefaa, maana mama hapokei namba ngeni. Nilizunguka mji mpaka jua likazama. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mama mmoja mwenye kibanda cha kuchaji simu kwa jenereta karibu na soko. Nilikikuta kimefungwa, yeye yuko kwenye sala. Jirani yake akaniambia nije asubuhi, naye huwa anafungua mapema. Nikarudi chumbani nikajilaza na viatu. Usingizi haukuja, uchovu ndio ulikuja ukakaa kifuani.

Asubuhi nilifika na bado nikakuta watu wamenitangulia. Kibanda cha mabati, ndani ubao umejaa nyaya, jenereta nje linakohoa, na mama mwenyewe, mnene, kitenge cha njano, amekaa kwenye kigoda akipokea simu na kuzifungia vipande vya katoni vyenye namba. Nikapita moja kwa moja mbele.

"Papa, mulongo unaanzia kule."

Nikageuka, nikaona foleni. "Mama, mimi ni mtu wa kazi hii. Kule kwetu Tanzania nimechaji simu za watu miaka na miaka. Mimi ndiye—"

"Basi mulongo unaujua."

Watu wakacheka. Kijana mmoja akasema, "Muache mukubwa wa kazi apite!" Wakacheka zaidi. Nikaenda nyuma. Goweko sheria yangu ilikuwa hiyohiyo, na hata diwani alipanga foleni.

Zamu yangu ilipofika akaipokea simu, akaifungia katoni, akaichomeka kwa waya wake. "Itakaa mpaka ijae. Kisha utakuya."

"Siwezi kungoja ijae. Mama yangu yuko hospitali, daktari anangoja. Saa tano."

Akanitazama kwanza, akainua macho kwenye saa iliyotundikwa. "Saa tano ya wapi?"

"Ya kwetu."

"Papa, saa yenu inatangulia yetu na saa moja."

Nikaiangalia ile saa upya. Nilikuwa nimeiona tangu kwenye foleni nikijipa moyo kwamba muda upo. Nikashika nguzo ya kibanda.

Yule mama akaona. Akatoa simu yake ya mkononi kwenye kifua, akanipa bila kusema. Namba za watu wangu huwa naziweka kichwani, hilo najivunia mpaka leo. Nikampigia mdogo wangu.

"Nani?"

"Mimi kaka yako. Natumia simu ya watu. Uko wodini?"

"Niko naye hapa. Wameshamwandaa, karatasi iko mezani. Ngoja nimpe."

Nikasikia wakibishana. Sauti ya mama ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ileile.

"Si yeye huyo."

"Mama, ni kaka. Sauti si unaisikia?"

"Jogoo hajawika."

"Simu yake imezima, anatumia ya mtu!"

"Yake haizimi. Alisema mwenyewe. Jana jogoo amewika mara moja tu, kama amekatwa shingo, na leo anakuja mtu wa namba ngeni anataka nikubali haraka haraka. Kata hiyo simu, watakuibia."

Mdogo wangu akarudi kwangu, karibu analia. "Kaka, umesikia?"

Nilisikia. Nikamwambia asiondoke hapo. Nikajaribu kutoa laini yangu niitie kwenye simu ya yule mama, ili jogoo awike. Laini za simu hizi kubwa zimekatwa mpaka zimekuwa kama ukucha, na simu yake ilikuwa ya laini ile pana ya zamani. Nimewakatia watu laini kwa mkasi Goweko nzima, lakini kuirudishia laini nyama iliyokatwa hakuna mkasi unaoweza. Ikawa inatelezateleza mle ndani, simu inasema haioni laini. Nikairudisha kwenye simu yangu.

"Mama," nikamwambia mwenye kibanda, "niache niwashe simu ikiwa kwenye waya. Niongee hapohapo."

"Kuongea kwenye kuran, hapana. Inaunguza. Na kila mutu atataka."

"Ndiyo, najua. Na mimi niliwakataza hivyo hivyo."

Akanitazama kwa muda. "Ni mama wa kuzaa?"

"Wa kunizaa."

"Kuya apa." Akawageukia waliokuwa nyuma. "Munyamaze, bote!"

Waya wake ulikuwa mfupi. Ulitoka kwenye ubao uliopigiliwa karibu na sakafu, urefu wa mkono. Kusimama haiwezekani, kukaa kwenye kigoda haiwezekani. Nikapiga magoti kwenye vumbi, shati langu la safari, kitambi changu, shavu nimelilaza karibu na ubao. Simu ikawaka. Nikapiga.

Jogoo akawika Tabora. Nilimsikia kwa masikio yangu kupitia simu ya mwenye kibanda, maana laini yake nilikuwa nimeirudisha na kumpigia tena mdogo wangu, naye hakuwa amekata.

"Haloo," akasema mama.

"Mama, ni mimi, sikiliza, tia kidole, daktari anaondoka, simu yangu haina—"

Akanikatiza, taratibu kabisa:

"Mbona unawahi?"

Nilijua sauti ile. Nilikuwa nimeisikia mlangoni Goweko, mkono wake ukiwa tayari kwenye kanga. Ungo unafunikwa.

Nikafumba macho. Magoti yanauma, jenereta linakohoa, foleni nzima inaniangalia mgongo. Nikaanza upya, kwa salamu ya asubuhi ya kwetu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Wewe?"

"Mimi si unajua nilivyo. Umelala wapi?"

"Nyumba ya wageni. Kitanda kibaya."

"Umekula?"

"Bado."

"Mkeo anajua hujala?"

"Hajui. Nitamwambia."

"Usimwambie, atahangaika. Mvua huko?"

"Hapa ni jua. Kuna ziwa kubwa, mayu, kama mawingu yameanguka chini."

"Na ule mwembe nyuma ya duka, walishaukata?"

"Nilikuambia ni mpapai. Bado upo."

"Ee. Mpapai." Nikasikia anavuta pumzi. "Hapo uko na nani?"

"Niko kwa mama mmoja, ananichajia simu."

"Mpe nimsalimie."

Sikubishana. Nilimwita mwenye kibanda kwa mkono, naye akainama na mwili wake wote mpaka sikio likafika kwenye simu.

"Jambo, mama! ... Ndiyo, niko muzuri. Batoto beko bazuri ... Mutoto wako? Iko apa chini. Amepiga magoti."

Sauti ya mama ikapasuka hata mimi nikaisikia. "Amepiga magoti? Basi si yeye! Wangu hampigii mtu magoti!"

"Ni waya, mama! Waya ni mufupi!"

Nikasikia mama yangu akicheka, kile kicheko chake cha kukwaruza, kikakatika katikati kwa maumivu ya nyonga. Foleni nzima nayo ikacheka. Mwenye kibanda akanirudishia simu huku anajifuta machozi kwa kitenge.

"Ni wewe," mama akasema.

"Ni mimi."

"Unasemaje, mkubwa wa nyumba?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, jinsi nitakavyomwambia kama mtu mzima, kama mwenye duka. Yakanipotea. Nikasema, "Mayu, kubali. Nataka nikirudi nikukute unatembea."

"Na nisipotoka kule ndani?"

"Nitakuwa nimesema mimi. Haitakuwa juu yako."

Nikasikia karatasi, nikasikia mdogo wangu akisema hapa, mama, bonyeza hapa. Halafu mama akarudi.

"Nimetia. Sasa usikate. Mpaka wafunge mlango."

"Sikati."

Mwenye kibanda alikuwa amesikia. Alikiinua kidole chake kuonyesha foleni, akakishusha. Akamwambia kijana aliyenicheka aende kuongeza mafuta kwenye jenereta lisije likazima.

Nilibaki pale. Nilisikia magurudumu ya kitanda, yakigonga kizingiti, sauti za manesi, mtu akisema polepole hapo kwenye kona. Mara moja tu mama akauliza, "Upo?" Nikajibu, "Nipo." Kisha nikasikia mdogo wangu anaichukua simu, mlango unafungwa, na akasema, "Kaka, wameingia. Simu yake naizima, nitakupigia kwa yangu."

Nilijaribu kunyanyuka, nikashindwa. Watu wawili waliniinua kwapani, wakanikalisha kwenye gunia la mkaa. Nilikuwa na vumbi mpaka kwenye ndevu. Hakuna aliyenicheka tena, na mimi sikuwa na hadithi ya kumsimulia mtu. Mwenye kibanda akaniletea chai na andazi kwenye karatasi, akaendelea na watu wake. Mulongo ukasogea. Simu zikaingia, simu zikatoka. Nikazitazama zile nyaya na vipande vya katoni kwa muda mrefu. Kazi ileile. Nilikuwa nimesahau inavyokuwa upande wa anayengoja.

Mlinzi wa ghala alipita akaniambia mkubwa wake amefika, nikachukue mzigo. Nikamwambia mzigo ungoje.

Jua lilikuwa limepanda juu ya mabati mwenye kibanda aliponigusa bega. Alikuwa ameshika simu yangu, katoni bado imening'inia.

"Papa, imejaa."

Nikaipokea. Imejaa kweli, ile alama ya kijani mpaka juu, na mimi sina wa kumpigia. Nikaishika kwa mikono miwili. Jasho la viganja likakilowesha kioo. Nilikuwa naifuta kwa shati ilipolia.

"Kaka." Mdogo wangu alikuwa anahema. "Ametoka. Ameamka. Daktari anasema imekwenda vizuri."

Nikainama na simu sikioni mpaka paji likagusa magoti.

"Upo?"

"Nipo."

"Anauliza kama yule wa asubuhi alikuwa wewe kweli."

"Mwambie alikuwa mimi."

Nikasikia akimwambia, nikasikia mama akinong'ona, ulimi bado mzito wa dawa. Mdogo wangu akarudi, anacheka na kulia.

"Anasema nimuwashie kitochi chake. Anasema upige mwenyewe."

Nikakata. Nikasogea pembeni mwa kelele za jenereta, nikaegemea ukuta wa bati uliokuwa moto, nikabonyeza namba yake. Jogoo aliwika mpaka akachoka, maana mkono wake bado ulikuwa mzito kuinua simu. Alipopokea sikuwahi kitu chochote. Nilimwamkia, nikangoja aniamkie, nikamuuliza ameamkaje.